Ziwa, pumzi na uvimbe wa kichwa na shingo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wavuvi, waogeleaji, wapiga makasia na familia za wagonjwa wa Mwanza na mialo inayoizunguka, toka Kirumba na Igombe hadi Ukerewe na Sengerema. Mengi yanaanza na hofu ya maji yenyewe. Anayetaka jibu moja tu alitafute moja kwa moja, ila mwenye dalili leo aanze na sehemu ya tatu.

## 1. Mambo ya msingi

Uvimbe wa kichwa na shingo ndio ule wa ubongo?

Hapana. Ubongo una madaktari wake. Hapa tunazungumzia midomo, kinywa, ulimi, koo, zoloto (kisanduku cha sauti), pua na nafasi iliyo nyuma yake, tezi za mate, tezi dundumio na tezi za pembeni mwa shingo. Uvimbe wa sehemu hizi unaweza kuwa saratani, na mara nyingi sana si saratani: rovu (tezi dundumio iliyovimba), jipu la jino, kifua kikuu cha tezi.

Watu wa majini wana sababu ya pekee ya kuzijua sehemu hizi. Hewa yote ya mwili hupita hapo, kwenye njia nyembamba. Mtu aliyekaa kitako huvuta kama lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Akipiga kasia kwa nguvu zote, hewa hiyo huzidi lita 100. Tena njia ikipungua upana hadi nusu, ukinzani wa hewa hauongezeki mara mbili, huongezeka hadi mara 16. Kwa hiyo kitu kidogo kinachoota kooni, ambacho mwenye duka hatakisikia kwa miezi, mpiga kasia anaweza kukihisi mapema. Ni bahati ambayo wengi huipoteza kwa kusema "nimezeeka" au "ni mafua".

Maji ya Ziwa Victoria huleta saratani ya koo?

Hakuna ushahidi kwamba kuogelea au kuoga ziwani huleta saratani ya koo, kinywa au shingo.

Hofu hii huchanganywa na kichocho, na kichocho ni jambo la kweli. Viluwiluwi vya minyoo hutoka kwenye konokono, hasa jua linapokuwa kali katikati ya mchana, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Aina ya kichocho cha mkojo imethibitishwa kusababisha saratani ya kibofu, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi mwaka 1994. Kando ya ziwa letu aina iliyoenea zaidi ni ya matumbo, ambayo huumiza ini na utumbo. Zote mbili hazianzishi uvimbe kooni. Ukiishi kwa kuingia majini, pima na umeze prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa maelekezo ya kituo cha afya.

Sasa kama si maji, ni nini?

Kwanza tumbaku, kwa sura zake zote: sigara, kiko, ugoro wa kubana mdomoni. Pili pombe, iwe ya kiwandani au gongo. Vikikutana mwilini mwa mtu mmoja, hatari haijumlishwi, huzidishwa. Usiku wa kuvua dagaa ni mrefu na wenye baridi, na watu hujipasha kwa sigara na kachupa. Ninaelewa kabisa kwa nini. Lakini ukiniuliza kitu kimoja cha kubadilisha kambini, nitataja hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha kuna virusi. HPV, hasa aina ya 16, husababisha saratani ya nyuma ya ulimi na matonsili, pamoja na ile ya mlango wa kizazi. Virusi vya Epstein-Barr huhusika na saratani ya nyuma ya pua na ile ya taya za watoto (tazama swali la taya la mtoto, sehemu ya tatu). VVU visipotibiwa hufungua mlango kwa saratani kadhaa, mojawapo ni Kaposi, inayoweza kutokea kinywani.

Wajenzi wa mitumbwi husahaulika. Vumbi la mbao lipo kwenye kundi la kwanza la IARC kwa saratani ya pua na ya nyuma ya pua. Fundi anayeranda na kupiga msasa kila siku bila kuziba pua anavuta vumbi hilo miaka yote ya kazi yake. Randa kwenye upepo, lowesha pale inapowezekana, vaa barakoa inayobana vizuri.

Na jua? Si tunaambiwa maji huakisi miale?

Maji yaliyotulia huakisi sehemu ndogo tu, chini ya asilimia 10. Tatizo ni kwamba hayazuii: nusu mita chini ya uso wa maji, bado kuna kama asilimia 40 ya miale ya urujuanimno. Mwanza ipo karibu sana na ikweta na juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na miale huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Ubaridi wa maji mgongoni hudanganya ngozi.

Kwa watu wengi weusi eneo la kuangaliwa ni mdomo wa chini. Kwa mwenye ualbino habari ni nyingine kabisa: saratani ya ngozi ya uso, masikio na shingo humpata akiwa bado kijana, na Kanda ya Ziwa ina ndugu zetu wengi wa hali hiyo. Mtoto mwenye ualbino ana haki ya kuogelea kama wenzake, alfajiri au jioni, akiwa na fulana ya mikono mirefu inayofunika shingo, kofia pana nje ya maji, na mafuta ya kukinga jua yanayopakwa upya kila akitoka majini. Hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengeneza mafuta hayo mahsusi kwa ajili yao. Kidonda chochote cha usoni kisichopona kwa mwezi kionwe na daktari wa ngozi.

## 2. Mwili unapokuwa majini

Kwa nini kifua hubana nikizama hadi shingoni hata kabla sijaanza kuogelea?

Maji husukuma kifua na tumbo kutoka nje, na wakati huohuo damu ya miguuni hupandishwa kifuani, kiasi cha mililita 700 hivi. Kazi ya kuvuta pumzi huongezeka kwa zaidi ya nusu. Moyo hupokea damu nyingi zaidi, figo huambiwa zipunguze maji, ndiyo maana mkojo hubana baada ya muda mfupi. Hayo yote ni kawaida.

Kisicho kawaida ni mlio. Ukivuta hewa ndani na koo likapiga mluzi au mkoromo mkavu, kizuizi kipo juu, kooni au kwenye zoloto. Pumu kwa kawaida hupiga mluzi hewa inapotoka. Wapo vijana wa michezo ambao zoloto lao hujibana wakati wa mazoezi makali bila uvimbe wowote, na hupewa dawa ya pumu miaka mingi bila nafuu. Lakini kwa mtu mzima mvutaji sigara, mluzi wa kuvuta ndani ni sababu ya kutazamwa koo kwa kamera wiki hiyohiyo. Mluzi ukija na shida ya kupumua hata ukiwa umepumzika, usingoje kesho.

Rovu kubwa nalo linaweza kubana koo, hasa ukilala chali au ukielea kwa mgongo. Samaki wetu ni wa maji baridi na hawana madini joto mengi kama wa baharini, hivyo chumvi yenye madini joto bado inahitajika jikoni hata penye sangara kila siku.

Nikizamia, sikio moja halifunguki. Nifanye nini?

Inategemea ni kwa muda gani. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu, na mabadiliko makubwa zaidi hutokea kwenye mita za kwanza. Mrija mdogo unaotoka sikio la kati hadi nyuma ya pua ndio husawazisha. Mafua huuziba, nta huziba upande wa nje, na siku chache baadaye mambo hurudi sawa. Usizamie ukiwa na mafua, na usilazimishe: kiwambo cha sikio hupasuka.

Lakini mtu mzima ambaye sikio lake moja limeziba kwa wiki nyingi, bila mafua, lazima atazamwe nyuma ya pua. Hapo ndipo mdomo wa mrija huo ulipo, na saratani ya nyuma ya pua mara nyingi hujitangaza kwa namna hiyo: sikio limejaa, linavuma, pengine damu kidogo kwenye kamasi au tezi ngumu shingoni. Mzamiaji hugundua kabla ya wengine kwa sababu hulijaribu sikio lake kila siku. Matone ya sikio hayawezi kutibu kilicho nyuma ya pua, na ukipewa chupa ya tatu bila kutazamwa, omba rufaa.

Nimesikia waogeleaji huota mfupa sikioni. Ni saratani?

Si saratani. Ni mfupa mgumu unaokua ndani ya tundu la sikio baada ya miaka ya kupigwa na maji ya baridi, hasa yaliyo chini ya nyuzi joto 19. Huwapata wateleza mawimbi wa bahari za baridi. Maji ya juu ya Ziwa Victoria huwa karibu nyuzi 25, kwa hiyo hapa kwetu tatizo la kawaida ni sikio la nje kuoza kwa unyevu: linawasha, linauma ukilivuta, linatoa majimaji. Kausha, usichokonoe kwa njiti, nenda ukatibiwe. Mwenye kisukari aende upesi zaidi, maana kwake ugonjwa huo unaweza kuingia hadi kwenye mfupa wa kichwa.

Sauti yangu imekauka. Mimi ndiye ninayewaita wenzangu kwenye mtumbwi. Si kelele tu?

Inaweza kuwa kelele. Pumzisha sauti siku kadhaa, kunywa maji, acha sigara. Sauti ya kelele hurudi ndani ya wiki moja au mbili. Ikifika wiki tatu bado imekauka, zoloto litazamwe. Saratani inayoanzia kwenye nyuzi za sauti hukausha sauti ikiwa bado ndogo, na ikikamatwa hapo hutibika vizuri kuliko nyingi za kundi hili, mara nyingi kwa mionzi peke yake na sauti ikabaki.

Kwa mtoto aliyekauka sauti kwa miezi, daktari atatafuta pia vinyama vya HPV vinavyoota kwenye zoloto. Si saratani, ila vinaweza kuziba pumzi.

Tafadhali msikate kimeo. Nimesikia mara nyingi mno kikohozi na sauti kavu vikilaumiwa kimeo, kisha wembe. Kimeo hakikaushi sauti. Kukikata huleta damu na vidonda, na hupoteza wiki ambazo ugonjwa wenyewe unazitumia kukua.

## 3. Ukiwa na dalili

Nina tezi shingoni. Nianze kuogopa lini?

Tezi iliyokuja na homa au jino bovu, inauma, na inapungua ndani ya wiki mbili, ifuatilie tu. Yenye zaidi ya wiki tatu, ngumu, isiyouma, inayokua, ipelekwe. Hali kadhalika kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, chakula kukwama, na sikio kuuma upande mmoja wakati sikio lenyewe ni zima.

Kutouma kwake kusikufariji. Uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi.

Kwetu hapa tezi nyingi za shingo ni kifua kikuu, na matibabu yake hutolewa bure. Sababu zaidi ya kutokaa nyumbani.

Ni kweli kukata kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa) hufanya saratani isambae?

Si kweli. Uvumi huu unatokana na mpangilio wa matukio: mgonjwa amechelewa, anakatwa kinyama, miezi miwili baadaye anafariki, na wembe ndio unaolaumiwa. Kwa tezi ya shingo daktari mara nyingi huanza na sindano nyembamba ya kunyonya chembe chache. Bila kipimo hicho hakuna anayeweza kujua kama atibu kifua kikuu, limfoma (saratani inayoanzia kwenye tezi zenyewe) au saratani ya koo, na dawa zake hazifanani hata kidogo. Kinachoharibu kweli ni chale za mganga juu ya uvimbe na dawa za kuunguza.

Taya la mtoto limevimba na meno yanalegea. Ni jino?

Usikae nalo. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, upande wa pili wa ziwa hili, alieleza uvimbe wa taya alioukuta kwa watoto wengi. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walikuta virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Leo tunajua kwamba limfoma ya Burkitt hushamiri pale virusi hivyo vinapokutana na malaria ya mara kwa mara, na mwambao wetu umo ndani ya ukanda huo.

Chembe zake hujizidisha maradufu ndani ya siku moja au mbili. Taya lililokuwa dogo Jumatatu linaweza kuonekana tofauti Ijumaa. Kasi hiyohiyo hufanya dawa za saratani ziupige kwa nguvu, na uvimbe unaweza kuyeyuka kwa siku chache. Hapo ndipo wazazi wengi hudhani mtoto amepona, wakarudi kisiwani kabla ya dozi kuisha. Mama, baba, maliza mizunguko yote hata kama uso umerudi kawaida.

Chanjo ya HPV ya shuleni inahusika na haya?

Lengo lake kuu ni saratani ya mlango wa kizazi, lakini hukinga dhidi ya aina ya 16 inayohusika pia kooni. Mwanza ina sehemu yake kwenye historia hii. Utafiti wa DoRIS, ulioanza hapa mwaka 2017 kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ulionyesha kwamba dozi moja hujenga kinga ambayo miaka miwili baadaye ilikuwa bado ipo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Tanzania ilianza chanjo kitaifa mwaka 2018 na mwaka 2024 ikahamia dozi moja. Mabinti waliojitolea walikuwa wa mkoa huu, na inapendeza kuwaambia wazazi wenye shaka hivyo.

Niende wapi?

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uchukue barua ya rufaa. Kwa Kanda ya Ziwa, kuna hospitali ya rufaa ya Bugando jijini Mwanza, yenye madaktari wa masikio, pua na koo na idara ya saratani. Ukitoka kisiwani, beba kadi ya bima, majibu yote ya zamani na nguo za kukaa siku kadhaa; majibu ya kinyama hayatoki siku hiyohiyo.

## 4. Kurudi majini baada ya matibabu

Niko kwenye mionzi. Naweza kuoga ziwani?

Hapana, hadi ngozi ipone. Mionzi ya kichwa na shingo huenda siku tano kwa wiki, kwa wiki sita hadi saba, na ngozi ya shingo huwa kama iliyoungua. Maji ya ziwa huingiza vijidudu, jua huzidisha. Aliye na mrija wa kulishia tumboni, au kidonda cha upasuaji kisichofunga, hali kadhalika. Anayepata dawa za saratani kwa dripu kinga yake imeshuka: homa yoyote ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Kutembea kunaruhusiwa na kunasaidia.

Nilipasuliwa shingo kutoa tezi. Sasa mkono hauinuki na siwezi kuvuta nyavu.

Mshipa wa fahamu unaoinua bega hupita katikati ya tezi hizo. Ukiguswa au ukikatwa, bega hushuka, linauma, na mkono hugoma kupita usawa wa bega. Kwa mwogeleaji hiyo ndiyo mikono yake, na kwa mvuvi ndiyo riziki.

Mazoezi hubadilisha hali hii. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2008, wenye watu 52 waliopona saratani za kichwa na shingo, ulionyesha kwamba mazoezi ya uzito unaoongezwa polepole hupunguza maumivu na ulemavu wa bega kuliko huduma ya kawaida. Muulize mtaalamu wa fiziotherapia mapema, bega likiwa halijakaza. Huhitaji jimu: kamba ya mpira iliyofungwa mlangoni na chupa ya maji vinatosha kuanza. Kasia lirudi baada ya mkono kuinuka bila maumivu, na nyavu nzito ziwe za mwisho. Wenzako wa mtumbwi waambiwe waziwazi, ili usilazimike kuvuta kwa aibu.

Mionzi iliisha mwaka jana. Mbona naona baridi na uchovu majini kuliko zamani?

Pima tezi dundumio. Mionzi ya shingo huidhoofisha kwa watu wengi, wakati mwingine miaka kadhaa baadaye, na dalili zake ni baridi, uchovu na uzito. Kipimo ni cha damu na dawa ni kidonge cha kila siku. Kumbuka pia kwamba hata maji ya nyuzi 25 hunyang'anya mwili joto, maana maji hupitisha joto takribani mara 25 kuliko hewa.

Ukipata kizunguzungu unapotoka majini, sema. Vihisio vya shinikizo la damu vipo kwenye mishipa ya shingo, na mionzi inaweza kuviharibu. Maji yanayokubana yakikuachia ghafla, damu hushuka miguuni na mwili hauwahi kurekebisha. Panda ufukweni taratibu, kaa kwanza.

Kinywa kikavu ni cha kudumu kwa baadhi: beba maji ya kunywa kila unapofanya mazoezi.

## 5. Mwenye tundu shingoni

Nimeondolewa zoloto lote na ninapumulia tundu la shingoni. Nitaogelea tena?

Kwa namna ya kawaida, hapana, na naandika hivi nikijua inachomwachia mtu aliyezaliwa kando ya ziwa. Tundu hilo ndilo njia pekee ya kwenda mapafuni. Kubana pua hakusaidii, kuinua kidevu hakusaidii, kwa sababu tundu lipo chini ya kidevu, ambapo wimbi dogo hulifikia.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaambiwi. Sisi tunaelea kwa sababu zoloto hufunga hewa kifuani. Bila zoloto hewa hutoka yenyewe, na mwili huzama. Ndiyo sababu hiyohiyo ya kukosa nguvu unaponyanyua mzigo: kifua hakifungi. Nchi nyingine zipo snokeli (mirija ya kupumulia majini) maalumu zinazobana tundu, zikitumiwa na waliofunzwa chini ya msimamizi. Usijaribu kuitengeneza kwa mpira wa baiskeli.

Kuoga kwa ndoo au bomba kunawezekana: maji yaelekee kuanzia kifuani kwenda chini, tundu likifunikwa kwa kikinga chake. Kusimama majini hadi kiunoni, pasipo mawimbi, ukiwa na mtu karibu, ni jambo la kuzungumza na daktari wako.

Baba mkwe wangu ana tundu hilo na lazima avuke kwa kivuko. Jaketi la uokozi litamtosha?

Avuke, lakini msitegemee jaketi peke yake. Jaketi limetengenezwa kuinua mdomo na pua, nalo linaweza kuliacha tundu kwenye usawa wa maji. Kivuko kikubwa ni salama kwake kuliko mtumbwi wenye injini. Akae mbali na rusharusha, atumie kitambaa chepesi cha kuchuja vumbi, na mwambieni mhudumu wa chombo kabla ya kuondoka.

Akianguka majini, tumpe pumzi vipi?

Kupitia tundu. Mtoe, mlaze chali, fungua kola na uondoe kitambaa. Futa maji na makamasi kwenye tundu, kisha weka mdomo wako juu yake upulize hadi kifua kiinuke. Kupuliza mdomoni kwake hakufiki mapafuni. Kama hapumui na haitikii, changanya na kukandamiza kifua: mara 30, pumzi 2, bila kusimama hadi msaada ufike.

Kama tundu ni la muda na zoloto bado lipo, hewa inaweza kuvujia juu. Hapo mwenzako azibe mdomo na pua yake kwa kiganja wakati unapuliza. Hujui ni la aina gani? Puliza tundu, na kifua kisipoinuka, ziba mdomo na pua na ujaribu tena.